Mama Mwenye Nyumba na Njia Zisizo na Gari

Mama mwenye nyumba wetu pale Yeoville hakuogopa mbwa, hakuogopa polisi, wala hakuogopa zile radi za Johannesburg zinazokuja mchana wa kiangazi na kutikisa mabati mpaka sufuria zinahama mahali pake. Siku moja alimkimbiza mwizi wa simu kwa mwiko wa ugali mpaka kwenye robot, yaani taa za barabarani, na aliporudi alilalamikia jambo moja tu: mwiko umepata ufa.

Alichoogopa ni gari. Liwe linakwenda au limesimama, liwe jipya au bovu, kwake yote yalikuwa mamoja. Likipita karibu aligeukia ukutani na kufumba macho, kama mtu anayempisha mkwe wake, na hakugeuka tena mpaka mlio wake umepotea kabisa. Sisi wapangaji tulianza kwa kumcheka. Baada ya miezi michache nilijikuta na mimi nageukia ukutani.

Nilikaa kwake kuanzia 2015. Mimi mtu wa Tanga, nilikuwa nauza vitambaa katika duka moja la Fordsburg. Chumba cha pili alikaa Mutiso, Mkenya aliyefanya kazi benki huko Sandton na ambaye angeweza kupanga mahali penye lifti, lakini alikuwa ameionja sombe, yaani kisamvu, ya Mama mwenye nyumba, na mtu akishaionja sombe ile hahami. Mama mwenyewe alikuwa mtu wa Goma, Kongo, mnene, mwenye kilemba kirefu na sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Majina yetu hakuyatumia. Mimi nilikuwa Mutanzania, Mutiso alikuwa Mukenya.

Baiskeli ziliingia nyumbani kwa amri ya daktari. Alimwambia Mama sukari imepanda, afanye mazoezi, la sivyo miguu itamletea maneno. Mama alirudi kutoka kliniki akatukusanya uani na kutangaza kwamba nyumba nzima ina sukari, na nyumba nzima itaendesha baiskeli.

"Mimi nilipima, Mama, sina," alisema Mutiso.

"Sukari iko ya nyumba," alimjibu. "Ikinikamata miye, nani atawapikia? Kwa hiyo iko yenu pia."

Basi kila Jumamosi asubuhi tuliamshwa kwa mfuniko wa sufuria ukigongwa mlangoni. "Lamukeni! Lamukeni! Sukari hailale!" Kwao kuamka ni kulamuka, na mpaka leo nikisikia neno lile miguu inatafuta pedali.

Shida ilikuwa njia. Alitaka kuendesha baiskeli Johannesburg, mahali ambapo magari hayalali, na alitaka aendeshe pasipo na gari hata moja. Njia yetu ya kwanza ikawa makaburini. Yalikuwa makaburi ya zamani, yenye vijia vya changarawe chini ya misonobari, na geti ambalo magari hayakuruhusiwa kupita. Kufika huko ilikuwa safari ya mateso, kwa sababu hakukubali kupanda baiskeli mtaani. Aliisukuma kwenye ukingo wa barabara, na kila penye robot alisimama. Mtu wa kijani akiwaka, havuki. Alingoja mpaka pande zote mbili hakuna gari linaloonekana. Mara moja tulisimama kwenye robot moja muda mrefu mpaka muuza mahindi ya kuchoma akatusogezea viti.

Lakini akishaingia getini alibadilika. Aliwaamkia marehemu kwa heshima, akawapungia mkono, kisha akapanda baiskeli na kuanza kuzunguka.

"Munaona hawa?" alituambia. "Hawana gari tena. Njo maana wametulia."

Mlinzi wa makaburi alimuuliza siku moja tumekuja kuona kaburi la familia gani.

"Yote," alisema Mama, akaongeza mwendo.

Kutoka hapo macho yake yalifunguka. Aligundua kijia cha kando ya kijito kinachopita nyuma ya nyumba za matajiri. Aligundua njia ya vumbi karibu na vilima vya mchanga wa migodi ya zamani, tukarudi sote wa rangi ya manjano kama tumepakwa bizari. Aligundua uwanja wa shule moja wakati wa likizo, na tukazunguka golini kama ng'ombe wa kusaga miwa mpaka mtunza uwanja akatuomba, kwa adabu kubwa, tutoke.

Alizipanga njia kwa vyeo. Pasipo na gari palikuwa "njia". Penye gari moja kwa siku palikuwa "nusu njia". Penye robot palikuwa "barabara", na hilo kinywani mwake lilikuwa tusi. Kuku akiungua, alisema kuku amekuwa barabara. Mimi nilikuwa silijui bado tusi hilo. Kwetu Tanga jambo likikaa sawasawa mtu husema "barabara!" Basi siku alipoweza kupanda mlima mdogo wa changarawe bila kushuka, nilimpigia makofi nikasema, "Mama, barabara kabisa!" Hakunisemesha mpaka Jumanne. Ilibidi Mutiso aende kunitetea, na hata baada ya kunisamehe alinitahadharisha: "Mutanzania, ile Kiswahili yenu ya kwenu itakuponza."

Mutiso naye hakusalimika. Alinunua baiskeli ya maana huko Sandton, nyepesi unaiinua kwa kidole, na suti yake ya kuendeshea, ile inayobana mwili. Asubuhi ya kwanza kuivaa, Mama alifunga geti.

"Weye unaenda wapi bila nguo?"

"Hii ndiyo nguo, Mama. Ni nguo ya baiskeli."

"Baiskeli inavaa nguo? Mbona yangu iko uchi?"

Alikwenda ndani akarudi na kitenge cha samaki wakubwa wa bluu, akamfunga kiunoni yeye mwenyewe, mafundo mawili. Mukenya wa benki akaendesha baiskeli ya bei ya gari dogo akiwa na samaki mpaka magotini. Mnyororo ulikula samaki wawili wa kwanza kabla ya kijitoni. Tangu siku hiyo alivaa suruali ya kawaida, na Mama akamsifu kwamba ameokoka.

Si kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kunyooka. Kanisani aliwaambia kwamba baiskeli zetu za Jumamosi ni ziara ya maombi, na mchungaji akawa anatutaja kwenye ibada, mimi Mwislamu nikiwemo. Sukari aliipiga marufuku nyumbani kote. Chai tulikunywa kavu kama adhabu. Lakini kilemba chake kilikuwa kinaongea. Ukimfuata kwa karibu kwenye njia tulivu ulikisikia kikichakacha, na ukitazama kando kidogo, mkono ulipanda kichwani kama wa mtu anayejikuna, ukashuka mdomoni. Humo alihifadhi biskuti. Mutiso aliwahi kumuuliza mlio ule ni wa nini, akajibiwa ni mawazo.

Kwa nini aliogopa gari, nilimuuliza mara nyingi, na kila mara nilipata jibu jingine. Mara gari linatoa moshi kama mganga. Mara linafanana uso na shemeji yake. Mara moja tu, tukiwa tumekaa ukingoni mwa kile kijito, alinijibu bila mzaha.

"Kintu ile haichoke," alisema. "Mutu anakimbia, anachoka, anafikiri. Ngombe anachoka. Ile hapana. Kintu haichoke, huwezi kuiomba kintu."

Kisha akanieleza juu ya chukudu. Ni chombo cha mbao cha kwao Goma, cha magurudumu mawili, hakina kiti wala pedali. Mtu hupakia magunia, husukuma kwa mguu mmoja, na kwenye mteremko huachia tu. Alipokuwa msichana aliteremka nacho pamoja na kaka zake kutoka vilimani, juu ya magunia ya viazi, katika barabara za mawe meusi ya volkano. Ndipo nilipoelewa jinsi alivyoendesha baiskeli. Kwenye mteremko hakukaa kitini. Alisimama kwa mguu mmoja juu ya pedali, mguu wa pili ukining'inia, na akitaka kupunguza mwendo alikandamiza soli ya kiatu kwenye gurudumu la nyuma. Breki za mkono alisema ni za watu wasiojiamini. Fundi viatu wa mtaani kwetu aliishi vizuri miaka ile.

Mutiso ndiye aliyelileta jambo la bonde. Alikuwa ameona picha kwenye simu: bonde huko mashariki mwa Free State, chini ya milima ya mpaka wa Lesotho, lenye majabali ya rangi ya asali, mto, ng'ombe, na njia za changarawe za kupita mashambani ambazo magari yamefungiwa nje kwa mageti. Alimwonyesha Mama jikoni.

"Panafanana na kalenda ya benki yetu," alisema. "Kama Uswisi."

Mama aliitazama ile simu akiwa ameacha kupepeta. "Uswisi nini? Hii iko Masisi, milima ya kwetu. Uswisi ilikopi Masisi." Halafu akaanza kuhoji. "Kuna robot?"

"Hakuna, Mama."

"Teksi?"

"Hakuna."

"Gari ya kuleta mkate?"

Mutiso alisita. "Labda moja, asubuhi."

"Basi tutaenda kisha mkate imefika."

Tulikwenda wakati wa likizo ya Pasaka. Tulikodi teksi na tela la baiskeli, na Mama alisafiri nusu ya siku amejifunika kitenge kichwa kizima ili asiyaone magari, akiuliza kila mara kama tumefika. Alipofunuliwa tulikuwa tumeshaingia bondeni. Miti ya mipopla kando ya mto ilikuwa imegeuka manjano yote. Ukimya ulikuwa mkubwa hata tukasikia ng'ombe akitafuna. Mama alishuka, akazunguka teksi mara moja kwa tahadhari, akamwambia dereva: "Weye sasa ondoka na kintu yako." Dereva akaondoka. Mama akasikiliza mpaka mlio umekwisha, halafu akakaa chini kwenye changarawe na kulia kidogo, na alipomaliza akatuuliza tunatazama nini.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa Kuu. Tulipanda njia ya kwenda kwenye uwazi kati ya vilele viwili. Alisukuma baiskeli zaidi kuliko kuiendesha, na hakula kitu. Sisi tulipofungua mikate yetu alisema ameshiba. Kule juu upepo ulikuwa wa baridi kali, na bonde lote lilikuwa chini yetu na njia ikiteremka kwa mizunguko mpaka kwenye nyumba moja ya shamba yenye paa jekundu. Aliomba kwa sauti.

"Bwana, uondoe gari zote. Na kama kuna moja imejificha, uitobolee mipira. Amina."

Kisha akaachia.

Nimeona watu wakiteremka na baiskeli. Sijaona mtu akiteremka vile. Alisimama wima kwa mguu mmoja, kitenge kikipepea nyuma kama bendera, akipiga ukelele mmoja mrefu ambao milima iliurudisha. Mutiso alipata pancha kwenye kona ya pili na kubaki hapo akilaani. Mimi nilifuata mikono imekufa ganzi kwenye breki, nikiona moshi mwembamba ukitoka kwenye kiatu cha Mama. Alipita katikati ya kundi la kondoo, wakagawanyika. Alipita geti lililokuwa wazi. Aliingia uani kwa watu, akawatawanya bata bukini wote wa shamba, akapanda tuta, na akatoweka.

Nilipofika tutani nilimkuta ameketi ndani ya bwawa la bata, maji yakimfika kifuani, kilemba kimefunguka, na biskuti zikielea kumzunguka. Bata walikuwa wameshaanza kuzila.

Mzee wa shamba alitoka mbio, Mzungu mkubwa mwenye kaptula na soksi ndefu, akisema Kiafrikana. Mama akamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu zaidi.

"Kwa nini umeweka maji hapa? Mutu atashukia wapi?"

Yule mzee akasema maneno mengi. Mama akasema mengi zaidi. Hakuna aliyeelewa neno la mwenziwe, na nadhani walikuwa wanakubaliana. Nilianza kucheka. Nilipompa mkono kumtoa, ndipo niliposikia mkono wake unavyotetemeka. Nilidhani ni baridi. Akanitazama usoni akaniita jina nisilolijua, akaniambia niyashikilie magunia, viazi vinamwagika. Miguu ikamlegea.

Hapo kicheko kilinikauka. Nilimshika kwapani, mwanamke mzito aliyelowa, naye akiendelea kunigombeza juu ya viazi kwa sauti iliyokuwa inafifia, na sikujua la kufanya. Nilikuwa nikiita tu, "Mama! Mama!" Mke wa yule mzee alikuja kutoka jikoni na aproni yake. Alimtazama Mama mara moja, akamgusa paji la uso lililokuwa na jasho la baridi, akaniuliza kwa Kiingereza: "Ana sukari?" Nilisema anayo. "Amekula?"

Nikamwambia hapana. Na hapo hapo nikaelewa. Ijumaa Kuu. Alikuwa amefunga. Mimi ninayefunga Ramadhani kila mwaka nilikaa naye asubuhi nzima nisigundue, naye alikuwa amemeza vidonge vyake na kupanda mlima kwa tumbo tupu bila kumwambia mtu. Siku za kujizuia alikula biskuti kwa siri, na siku ya kula alijizuia kwa siri.

Yule bibi alimlaza Mama jikoni kwake karibu na jiko la kuni, akamnywesha chai kijiko kwa kijiko. Mume wake naye alikuwa na sukari, alieleza. Alikuwa ameshamwona akisema upuuzi wa namna ile. Mutiso alifika akisukuma baiskeli yake, akasimama mlangoni. Tulingoja. Taratibu rangi ilirudi. Mama alifungua macho, akaonja midomo yake, akakunja uso.

"Chai iko na sukari mingi," alisema. "Daktari alikataza."

Mutiso alikaa chini sakafuni akacheka mpaka akajipangusa macho, na mimi pia.

Wale wanawake wawili walipatana tangu siku hiyo, ingawa Kiingereza cha Mama kilikuwa maneno machache, na mengi yake yalikuwa "my dear". Walipigiana simu kila Jumapili. Sijui walizungumza nini. Nilisikia upande mmoja tu, na upande huo ulikuwa kicheko na "yes my dear, eish, my dear". Baada ya mwaka na kitu, Mama mwenye nyumba wetu akatuambia anaondoka. Wale wazee walikuwa na nyumba ya mawe iliyokaa bure nyuma ya ghala, na walitaka mtu wa kupokea wageni wa baiskeli. Mutiso alihamia penye lifti. Mimi nilioa na kuhamia Fordsburg.

Nilimwona tena mara moja. Ilikuwa 2019, kiangazi, ambacho huko ndicho msimu wa mvua, nami nilikuwa nimeamua kurudi Tanga na mke wangu, Zuhura. Tulikwenda bondeni kumuaga, ila nilimwambia kwenye simu kwamba tunakuja kutembea tu. Tulimkuta amepungua mwili, ameungua jua, anawaamuru wageni wanne, mijitu mirefu ya Pretoria, wakunje shuka zao kwanza ndipo wapate chai. Walikunja. Zuhura alipewa baiskeli kabla hajamaliza kusalimia.

"Kuna njia nimeipata," Mama alisema. "Hata wenye shamba hawaijue."

Tulimfuata asubuhi nzima, kwenye nyasi na changarawe, mpaka tukafika mtoni. Mvua ilikuwa imenyesha milimani na maji yalikuwa ya kahawia, yanapita juu ya kivuko cha zege kwa kishindo. Nilisema turudi.

"Tungoje," alisema Mama.

"Mpaka lini?"

"Mpaka ishuke." Akajilaza kwenye nyasi, akaweka mkono chini ya kichwa.

"Amelala kweli?" Zuhura alininong'oneza, na Mama akamjibu kwa mkoromo.

Tulikaa. Nilitumia muda ule kutunga maneno ya kuaga, nikayafuta, nikatunga mengine. Maji yalishuka polepole. Kwanza ikaonekana nyasi ya ukingoni, halafu mstari wa zege. Mama aliamka mwenyewe, akatazama mto, akaanza kuvua viatu.

"Mama," nilisema, "kuna jambo nilitaka kukuambia."

"Minajua." Hakunitazama. "Mutu akileta muke yake na zawadi tatu, iko naenda mbali. Tanga iko na njia?"

"Ziko, Mama. Huko Usambara, milimani. Za changarawe."

"Kuna robot?"

"Milimani hakuna hata moja."

Aliitikia kwa kichwa, akaridhika. Akaichukua baiskeli ya Zuhura akaiweka begani, akamshika Zuhura mkono, na wote wawili wakaingia majini, wakipima kila hatua, kitenge kimekunjwa magotini. Nilisimama nikiwatazama mpaka walipopanda ukingo wa pili. Mama aliweka baiskeli chini, akageuka, na ile sauti yake ya kuita watu ng'ambo ya bonde ikaja juu ya mto wote.

"Mutanzania! Unangoja nini?"

Nikakunja suruali, nikaingia majini.